Namna ya Kufundisha Maisha ya Ellen Swallow Richards kwa Maji, Moto na Dagaa wa Mwanza

Mwalimu anayepewa kipindi cha historia ya sayansi kimu, yaani somo la lishe, usafi na uendeshaji wa nyumba, hushawishika kuanzia ubaoni, kwa kuandika tarehe ya kuzaliwa ya mhusika, vyuo alivyosoma, vyeo alivyoshika na mwaka aliofariki, kisha kuwaambia wanafunzi wanakili. Nilifanya hivyo mara ya kwanza nilipofundisha habari za Ellen Swallow Richards, Mmarekani aliyelipatia somo letu umbo lake la kisayansi, na wiki iliyofuata darasa zima lilikumbuka jambo moja tu, yaani kwamba jina lake la kati kwa Kiingereza ni mbayuwayu. Kosa lilikuwa langu. Mwanamke huyu alitumia maisha yake kupima vitu vilivyokuwa mbele ya macho ya kila mtu, kama maji ya kisima, viungo vya dukani na hewa ya jikoni, na kumfundisha pasipo kupima chochote ni kama kufundisha kuogelea ukiwa umekaa juu ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, bila kulowana unyayo.

Mwongozo huu umetokana na jinsi nilivyolirekebisha somo hilo mwaka hadi mwaka. Unahitaji vipindi sita hivi vya dakika 80, na unawafaa wanafunzi wa sekondari kama unavyowafaa akina mama wa kikundi cha mtaa, mradi mwezeshaji awe tayari kutoka nje ya chumba. Vifaa si vya gharama: chupa safi za nusu lita, kitambaa cheupe, mizani ya jikoni, kapu kubwa, blanketi kuukuu na jiko la mkaa.

Anzia kwenye jina la somo

Waulize wanafunzi neno "kimu" lina maana gani, na wengi watanyamaza. Waulize tena posho ya kujikimu ni nini, na mikono itainuka darasa zima. Ukishawafikisha hapo, waambie waorodheshe vitu ambavyo kaya ya watu sita kule Igogo au Mabatini inajikimu navyo kwa siku moja, kuanzia alfajiri hadi kulala. Orodha itakuja na maji, mkaa, unga, kitoweo, sabuni, nauli, na kwa kawaida vocha ya simu. Ihifadhi orodha hiyo ukutani, kwa sababu vipindi vyote vinavyofuata vinachukua kitu kimoja kimoja kutoka humo.

Hapo ndipo pa kueleza kwamba mwaka 1899, katika mji wa Lake Placid jimboni New York, watu wachache walikutana chini ya uongozi wa Ellen Richards wakajadili, pamoja na mambo mengine, somo hili jipya liitwe nani. Jina lililoshinda, ukiligeuza kwa Kiswahili, ni uchumi wa nyumbani. Kwa maoni yangu Kiswahili kilichagua vizuri zaidi, kwa kuwa neno uchumi humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye fedha, ilhali kukimu kunabeba pia maji, afya na nguvu za mtu anayeamka saa kumi na moja kuwasha moto.

Simulia maisha yake kwa robo saa, bila kuandika

Masimulizi haya yafanyike kwa mdomo, vitabu vikiwa vimefungwa. Ellen Swallow alizaliwa tarehe 3 Desemba 1842 huko Dunstable, jimbo la Massachusetts, akiwa mtoto pekee wa wazazi walimu waliomfundisha wenyewe nyumbani. Baba yake alikuwa na duka, na binti huyo alisaidia kuhudumia wateja. Simama hapo kidogo. Katika darasa lolote la Mwanza utapata watoto wanaokaa kwenye genge la mama yao baada ya masomo, na ukiwapa nafasi ya kueleza walichojifunza kuhusu vipimo, madeni na wateja wasumbufu, wataelewa bila kuambiwa kwamba msichana wa Dunstable alijua bei ya vitu kabla hajaijua kemia.

Endelea kwamba alifanya kazi kwa miaka kadhaa, akafundisha, akadunduliza, na alipoingia Chuo cha Vassar mwaka 1868 alikuwa na umri wa miaka 25. Huko alifundishwa elimu ya nyota na Maria Mitchell, mwanaastronomia mwenye sifa kubwa wakati ule, lakini akachagua kemia. Alihitimu mwaka 1870, na mwezi Desemba mwaka huohuo Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ambayo dunia nzima huiita MIT, ikamkubali kuwa mwanafunzi maalumu. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuingia humo.

Hakutozwa ada. Alidhani ni huruma kwa kuwa hakuwa na uwezo, hadi alipokuja kugundua kwamba uongozi ulifanya hivyo ili, endapo mtu yeyote angelalamika, uweze kusema kuwa mwanamke huyo si mwanafunzi halisi. Baadaye alieleza kwamba kama angelijua sharti hilo asingelikubali. Mahali hapa darasa hugawanyika vikali, nami sijawahi kulimaliza bishano hilo. Kuna wanaosema mlango ni mlango hata ukiwa wa uani, na kuna wanaosema msaada wa kumficha mtu ni dharau. Uwaache wabishane dakika kumi.

Alipata shahada yake hapo mwaka 1873, akaendelea na masomo kwa matumaini ya shahada ya uzamivu, wala hakupewa. Mwaka 1875 aliolewa na Robert Hallowell Richards, profesa wa uchimbaji madini, na fungate yao waliitumia Nova Scotia wakiwa wamefuatana na wanafunzi wa bwana harusi waliokwenda kutazama migodi. Wanafunzi watacheka, na hakuna sababu ya kuwazuia. Mwaka 1876 ilifunguliwa katika taasisi hiyo maabara ya wanawake, ambamo alifundisha bila mshahara, na kuanzia mwaka 1884 hadi kifo chake mwaka 1911 alikuwa mkufunzi wa kemia ya usafi, yaani kemia ya maji, hewa na majitaka. Hayo yanatosha kwa masimulizi.

Kipindi cha maji, ambacho usikifupishe

Kama una muda wa kufundisha jambo moja tu katika maisha yake, fundisha uchunguzi wa maji wa Massachusetts ulioanza mwaka 1887. Bodi ya afya ya jimbo ilitaka kujua hali ya mito, maziwa na visima vya jimbo zima, na kwa miaka miwili maelfu ya sampuli yalipita katika maabara aliyoisimamia yeye. Kazi hiyo ilichangia kupatikana kwa viwango vya ubora wa maji vilivyo miongoni mwa vya kwanza nchini Marekani. Sehemu yenye utamu kwa mwalimu ni ramani iliyotokana nayo, nayo inastahili kuelezwa polepole.

Chumvi ya bahari hupeperushwa na upepo na kunyesha pamoja na mvua, kwa hiyo maji ya asili yaliyo karibu na Atlantiki huwa na kloridi nyingi, yaani kiambato kimoja cha chumvi, na kadiri unavyokwenda bara ndivyo inavyopungua kwa utaratibu. Ukiunganisha kwa mstari sehemu zote zenye kiasi sawa, unapata mistari inayofuatana na pwani. Sasa, kisima kikionekana kuwa na kloridi nyingi kuliko mstari wake unavyoruhusu, kuna kitu kimeingia humo ambacho hakikutoka baharini wala angani, na katika maeneo yenye makazi kitu hicho mara nyingi ni uchafu wa binadamu, kwa sababu chumvi tunayokula hutoka mwilini kwa mkojo. Kloridi yenyewe haimdhuru mnywaji. Inafanya kazi ya shahidi, kwamba majitaka yalipita hapa hata kama maji yanang'aa na hayana harufu. Ukimwelewesha mwanafunzi hoja hiyo peke yake, umempa namna ya kufikiri ambayo atakaa nayo.

Zoezi la darasa lifanyike mtaani. Gawa wanafunzi katika makundi ya watu watano, kila kundi lichore ramani ya vyanzo vya maji vya eneo dogo: bomba, kisima cha kuchimba kwa mkono, chemchemi chini ya mlima, sehemu ya ziwa ambako watu huteka. Kwa kila chanzo waandike umbali hadi choo kilicho karibu kwa hatua za mguu walizokwisha kuzipima kwa mita, kama choo kiko juu au chini ya mteremko, kama kisima kina mfuniko, na kama ndoo ya kutekea ni moja au kila mtu huja na yake. Kisima hutakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo, tena kiwe upande wa juu. Katika vilima vyetu vya mawe, ambako mwamba humzuia mtu kuchimba choo kirefu na nyumba zimepandiana kama ngazi, utaona mara moja jinsi sharti hilo linavyovunjwa bila mtu kuwa mzembe.

Ikiwa shule ina maabara ya kemia, mwombe mwalimu husika matone machache ya nitrati ya fedha. Tone likiingia kwenye maji yenye kloridi, maji hufanya ukungu mweupe, na ukungu ukiwa mzito ndivyo kloridi ilivyo nyingi. Vaeni glavu, maana kemikali hiyo huacha madoa meusi kwenye ngozi. Hapa pana tahadhari ambayo walimu wengi huisahau. Ramani ya Massachusetts haiwezi kuhamishiwa Mwanza jinsi ilivyo. Sisi tuko zaidi ya kilomita 700 kutoka Bahari ya Hindi, ziwa letu ni la maji baridi, miamba nayo hutoa chumvi zake, na maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya klorini yatatoa ukungu pia. Kwa hiyo msilinganishe kisima na ziwa, wala kisima na bomba. Linganisheni visima vya mteremko mmoja, na kile kinachotofautiana sana na wenzake ndicho cha kuulizia maswali. Jibu la darasa lisitangazwe mtaani kama hukumu. Lipelekwe kwa afisa afya wa kata, ambaye ana njia ya kupima vijidudu vyenyewe.

Malizieni kipindi kwa kuchemsha maji hadi yatokote, kuyachuja na kuyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na bomba dogo. Ni jambo ambalo kila mmoja amelisikia tangu darasa la kwanza, lakini baada ya ramani wanalisikia upya.

Uchakachuaji, kwa kutumia dagaa

Kabla ya uchunguzi wa maji, Richards alikuwa amewahi kupima vyakula vilivyouzwa madukani Massachusetts, na miongoni mwa aliyoyakuta ni mdalasini uliochanganywa na vumbi la mbao. Kwa zoezi, usihangaike na asali, kwa kuwa majaribio mengi ya nyumbani yanayosifiwa kuhusu asali hayategemeki. Nenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, ununue kopo la dagaa walioanikwa mchangani na kopo la dagaa walioanikwa kwenye vichanja. Pima uzito wa kila kopo. Waoshe dagaa kwenye beseni, watoe, mwaga maji kupitia kitambaa cheupe, anika kilichobaki juani, kisha ukipime.

Kutakuwa na mchanga, na wanafunzi watataka kujua wameununua kwa shilingi ngapi, jambo ambalo ni hesabu nyepesi ya uwiano. Wakumbushe hata hivyo kwamba mchanga wa dagaa hautoki kwa hila ya muuzaji kama lilivyotoka vumbi la mbao katika ule mdalasini wa Massachusetts. Unatokana na mahali pa kuanikia. Mama mmoja muuzaji aliwaambia wanafunzi wangu kwa utulivu, "Wanangu, nipeni kichanja, mchanga niachieni mimi." Tofauti kati ya udanganyifu na ukosefu wa nyenzo ijadiliwe hapa, kwani Richards aliamini kwamba mnunuzi mwenye maarifa hubadilisha soko, nami sioni kama alikuwa sahihi kila mara. Mnunuzi wa sado moja ya dagaa hana nguvu hiyo kila siku.

Jiko lililoshindwa Boston

Huyu ndiye Richards ninayempenda zaidi, kwa sababu hapa alishindwa. Mwaka 1890, akishirikiana na Mary Hinman Abel, alifungua Boston jiko la umma lililoitwa New England Kitchen. Lengo lilikuwa kuwapikia wafanyakazi maskini chakula cha bei nafuu chenye lishe iliyopimwa, kikiandaliwa kwa vipimo vilevile kila siku ili bakuli la supu la Jumatatu lisitofautiane na la Alhamisi. Walitumia tanuri lililobuniwa na mfanyabiashara Edward Atkinson, ambalo lilikuwa kisanduku kilichozuia joto lisitoke na kuivisha chakula polepole kwa moto wa taa ya mafuta. Kisayansi kila kitu kilikuwa sawa. Walengwa, wengi wao wahamiaji kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Supu na vyakula vya mahindi vya Massachusetts havikuwa chakula chao, wakaona heri wale walichokizoea.

Kabla ya kuwaeleza wanafunzi mwisho wa kisa, waambie wabuni wenyewe mlo wa bei nafuu wa kuwauzia wachukuzi wa pale Mwaloni. Watakuja na mapendekezo ya kila aina, mengine ya ajabu. Kisha wapeleke wakawaulize wachukuzi wenyewe, au wamwite mama ntilie mmoja aje darasani. Mimi nilipata funzo hili nje ya darasa, nilipopeleka kwa kikundi kimoja cha akina mama uji wa mchanganyiko wa soya niliojivunia sana. Bibi mmoja aliunywa wote, akafuta mdomo kwa kanga, akaniambia, "Mwanangu, uji ni mzuri, ila wajukuu wangu hawaujui." Tangu siku hiyo ninaanzia kwenye ugali wa udaga (unga wa muhogo uliovundikwa), mlenda, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na furu (samaki wadogo wa ziwani), na ninauliza kipi kiongezwe humo.

Tanuri la Atkinson lina ndugu yake hapa kwetu, nalo ni kapu. Chukua kapu kubwa, lijaze blanketi kuukuu au mito ya pamba pande zote, uache shimo la sufuria katikati na mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemshwe kwa nguvu kwa dakika 30, sufuria ifunikwe vizuri ikiwa bado inatokota, iingizwe kapuni na isifunguliwe kwa saa tatu. Dakika hizo 30 zisipunguzwe, kwani maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo joto la polepole haliimalizi. Wanafunzi wapime mkaa uliotumika kwa njia hii na mkaa unaotumika sufuria ikikaa jikoni mpaka mwisho. Tofauti wataiona kwenye mizani, na mama zao wataiona kwenye gunia.

Jiko la Boston halikufa bure. Kuanzia mwaka 1894 lilipikia chakula cha mchana shule za sekondari za mji huo, na wanafunzi wanaokula makande shuleni watapenda kulijua hilo.

Kadi ya mlo

Mwaka 1893, kwenye Maonyesho ya Dunia huko Chicago, Richards alionyesha jiko la mfano lililoitwa Rumford Kitchen, ambamo mlaji alipewa kadi inayoeleza kiasi cha virutubisho kilichomo katika mlo wake. Waambie wanafunzi watengeneze kadi kama hiyo kwa sahani ya mama ntilie aliye jirani na shule, kwa kanuni kwamba gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4 na ya mafuta hutoa 9. Dagaa mkavu atawashangaza, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kipindi hiki ni chepesi na kinaweza kuunganishwa na kilichotangulia.

Hewa ya nyumba

Nyumba ya Bwana na Bibi Richards katika kitongoji cha Jamaica Plain, Boston, ilikuwa maabara yao ya pili. Waliondoa mazulia mazito na mapazia yanayokusanya vumbi, wakaweka jiko la gesi na kushughulikia namna hewa chafu itakavyotoka. Hapa mwalimu afanye jambo moja tu: wanafunzi waende wakahesabu madirisha ya chumba ambamo kwao hupikwa, waandike kama yanatazamana, na watoe jiko la mkaa nje kabla ya kulala. Hilo la mwisho lisiwe zoezi, liwe amri. Moshi hauonekani mkaa ukishakolea, lakini hewa ya sumu itokayo humo huua watu usingizini.

Barua, mikutano na kipindi cha mwisho

Kuanzia mwaka 1876 Richards aliongoza pia masomo ya sayansi katika chama cha Boston kilichowafundisha wanawake kwa njia ya posta, na kupitia barua zao alijifunza jinsi wanawake wa majumbani walivyochoka na walivyokosa maarifa yanayowahusu. Mikutano ya Lake Placid iliendelea hadi mwaka 1908, na kutokana nayo kikaundwa chama cha kitaifa cha somo hili, naye akawa rais wake wa kwanza. Alifariki tarehe 30 Machi 1911.

Katika kipindi cha mwisho kila kundi liandike barua ya ukurasa mmoja kwa kikundi cha akina mama cha ng'ambo ya maji, Sengerema au kisiwani Ukerewe, likieleza jambo moja lililopimwa, lilivyopimwa na jibu lililopatikana, kisha likiuliza swali moja ambalo wapokeaji wanaweza kulipima huko kwao. Ukiwa na anayevuka na kivuko cha Kamanga, mpe barua za Sengerema mkononi. Za sauti kwa simu hufika haraka, lakini karatasi hubandikwa ukutani na kusomwa na asiyehusika.

Ramani ya maji usiitupe. Iweke kabatini, na mvua za vuli zikishanyesha wiki mbili tatu, warudishe wanafunzi walewale kwenye visima vilevile, na chupa zilezile zikiwa zimeoshwa.